Jina Lako Kwenye Karatasi ya Soseji

Kanazi, Jumapili jioni

Dafroza mwanangu,

Baba yako amekwenda barabarani kuulizia basi la kesho, mara ya tatu leo, na wewe uko kwa shangazi yako unaaga. Nimepata nafasi. Nimekaa kwenye kile kibanda cha soseji za ng'ombe, juu ya ndoo niliyoipindua, na daftari nimeliweka kwenye meza ya kukatia nyama. Jua bado lipo, kwa hiyo usije ukasema mama aliandika huku anasinzia.

Mambo ya chandarua, sabuni, na nani wa kumsalimia kwanza nimemwachia baba yako. Anakuhubiria hayo tangu wiki iliyopita na atakuhubiria mpaka basi liwashe injini. Mimi nina jambo moja tu. Unakwenda Biharamulo kufungua duka letu kwenye baraza ya Mzee Rajabu, na katika mtaa ule wapo watu wanaolikumbuka jina lako kwa ubaya, ingawa hawajawahi kukuona. Watakuambia kwa nini. Nimeona afadhali ulisikie kwangu kwanza, kwa sababu aliyeliharibu ni mimi.

Nitaanzia mbali kidogo. Nivumilie, umenirithi mimi kwa maneno mengi.

Ulipozaliwa hatukuwa na kiwanda. Tulikuwa na migomba, kahawa kidogo, na nguruwe jike mmoja mwenye hasira ambaye alimng'ata baba yako mara mbili. Baba yako alikuwa anafanya kazi jikoni kule misheni, na bruda mmoja mzee, Mzungu, ndiye aliyemfundisha kutengeneza soseji. Bruda yule aliporudi kwao alimwachia mashine ya kusagia nyama, ile ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na faneli lake la bati. Baba yako aliibeba kichwani kutoka misheni hadi hapa, akiimba njia nzima. Mimi nilipoiona nikamwuliza kama bruda hakuwa na kitu cha maana zaidi, blanketi kwa mfano. Alikaa siku mbili hanisemeshi.

Krismasi ile tulichinja, tukatengeneza soseji za kwanza. Kazi tuligawana, na hatukuwahi kubadilishana tena. Baba yako alisaga nyama na kuchanganya chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu. Mimi nilishika utumbo. Unaijua kazi ile: unaugeuza ndani nje kwa kijiti, unauparua kwa mgongo wa kisu taratibu usije ukatoboka, unaulaza kwenye chumvi na ndimu, unaupulizia upepo kuona kama unavuja. Baba yako hawezi kukaa karibu na harufu ile hata dakika moja. Kwa hiyo utumbo uliotoka wapi, wa mnyama gani, alikuwa hajui wala hakuuliza. Nilijua mimi peke yangu.

Watu wa Kanazi walitucheka sana. Jirani mmoja alisimama pale uani akasema, "Nyama imetolewa tumboni, nyie mnairudisha tumboni. Mmekosa kazi?" Alikula moja iliyofukizwa kwa moshi wa mpera, akalamba vidole. Siku ya Pasaka alikuja wa kwanza na sahani yake mkononi.

Nazikumbuka sana siku zile. Tulikuwa tunauza sikukuu hadi sikukuu, tunafunga kwenye majani ya mgomba, na wewe ulikuwa unalala kwenye ungo kando ya jiko ukiwa na nywele zinazonukia moshi. Nilikuwa naweka pua yangu kwenye kichwa chako. Sijawahi kupata furaha ya namna ile tena, hata tulipopata friji.

Halafu wakaja wakimbizi kutoka Rwanda. Ulikuwa darasa la pili, unakumbuka barabara ilivyojaa watu, wamebeba magodoro, watoto, masufuria, na wengine hawakubeba kitu. Siku zile hatukuuza chochote. Tulipika ndizi na maharage kwenye sufuria la kuchemshia nguruwe, tukagawa hadi yakaisha, nasi tukalala njaa. Nakuambia hili si kwa kujisifu. Nakuambia kwa sababu baada ya miezi michache tulianza kutajirika, na mpaka leo sijui niseme vipi jambo hilo bila kuona aibu. Kambi yao ilijengwa kule Kasulo, wakaja wageni wa mashirika, wakaja wapishi wao, na mpishi mmoja akasikia kwamba Kanazi kuna mtu anajua soseji. Watu walikuwa wamefiwa na kila mtu wao, na sisi tulikuwa tunanunua bati.

Baba yako alianza kufuata nguruwe hadi Ntobeye, anarudi nao wamefungwa nyuma ya baiskeli wakipiga kelele kijiji kizima kisikie. Tukaanza kujenga nyumba ile ya tofali. Tukapata friji ya mafuta ya taa. Tukaajiri akina mama, wengine wa hapa, wengine wa kambini. Majani ya mgomba hayakufaa tena, wageni walitaka karatasi, na karatasi ilitaka jina. Baba yako akachukua soli ya kandambili, akachonga muhuri kwa wembe. DAFROZA. Herufi ya Z ilitoka imegeuka, nikamwambia arekebishe, akasema soli zimekwisha. Basi ikawa hivyo. Madereva wa malori ya chakula wakaanza kusema, "Tupitie kwa Dafroza," na wewe ulikuwa unatembea uani mabega juu.

Madereva wale wengi walikuwa Waislamu. Walikuwa wanakaa nje wananywa chai tu, wananusa. Siku moja mmoja wao akamwambia baba yako, "Bwana, unatutesa. Tengeneza za ng'ombe." Baba yako hakulala kwa mawazo. Asubuhi alipanda gari akaenda Biharamulo, akamtafuta mchinjaji anayeaminika na Waislamu wenzake, na wote walimwelekeza kwa mtu mmoja. Ndiye Mzee Rajabu.

Sikumbuki baba yako kupenda mtu haraka vile. Mzee Rajabu alikuwa anachinja mwenyewe, anafunga nyama kwenye shuka lililoloweshwa, anaipakia kwenye lori la alfajiri linalosindikizwa na polisi kupita msitu wenye majambazi. Alipokuja hapa mara ya kwanza nilimnunulia kikombe chake, sufuria lake na kisu chake, nikaviweka kwenye kabati peke yake. Alivitazama, akasema, "Mama Dafroza, wewe umenifikiria." Kibanda hiki hakikuwepo bado, lakini za ng'ombe tulizitengea siku yake pekee, mashine imechemshwa na kusuguliwa kwa majivu, naye alisimama akaona kila kitu. Utumbo siku ile ulikuwa wa mbuzi. Alionja, akafumba macho. Alirudi kwao akawaambia watu, "Kuleni. Nimeona kwa macho yangu."

Waliamini kwa sababu yake. Wakala Biharamulo nzima, madereva wakala, na sisi tukawa tunatengeneza za ng'ombe nyingi kuliko za nguruwe.

Sasa sikiliza. Soko la kambini lilikuwa limejaa wachoma nyama, na walichokipenda kuliko vyote ni utumbo wa mbuzi, wanausuka kwenye kijiti, wanauchoma. Ukifika saa nne asubuhi huoni hata kipande. Utumbo wa ng'ombe Mzee Rajabu hakuuleta, kule waliugombania kwa supu. Nyama ya Biharamulo inafika, imelala mezani, joto linapanda, na mimi sina kitu cha kuijazia. Kilichokuwepo, ndoo mbili zimejaa, safi, zimekaa kwenye chumvi, ni utumbo wa nguruwe.

Nilijazia.

Wiki ya kwanza sikufikiri kitu, mwanangu, nakuapia. Kwangu Mwislamu alikuwa mtu asiyekula nyama ya nguruwe, na nyama ilikuwa ya ng'ombe, tena ya kisu cha Mzee Rajabu. Utumbo ule niliusugua hadi unapitisha mwanga. Kwangu ulikuwa mfuko tu wa kubebea. Nilifurahi hata kwamba nyama haikuoza.

Aliyenifumbua macho ni Konsolata. Unamkumbuka, yule mama wa kambini mrefu, aliyekuwa anakusuka nywele mchana. Alikuwa ameshika ndoo, akasimama.

"Mama Dafroza, huu utumbo si wa nguluwe?"

"Ni wa nguruwe."

"Na hizi ni za wale Waisilamu?"

Ndipo nilipoelewa, pale pale, nikiwa na faneli mkononi. Na kuanzia hapo, Dafroza, siwezi tena kusema sikujua.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Konsolata, umeanza lini kuwa shehe? Jaza." Mtu aliyekuja kwangu na mtoto mmoja mgongoni na wengine hawapo, ambaye hakuwa na pengine pa kwenda, nilimfokea. Akajaza. Alifanya kazi siku ile yote bila kuimba, na yeye alikuwa mtu wa kuimba.

Nilijiambia ni mpaka mbuzi wapatikane. Wiki moja, mbili. Kisha nikaacha hata kuulizia mbuzi. Baba yako sikumwambia, kwa sababu nilijua angesimamisha kazi, na wakati ule tulikuwa tunapaua nyumba. Hicho ndicho nilichokiweka kwenye mizani na watu wa Mungu: mabati.

Ikaja Idi. Mzee Rajabu akaagiza kifurushi kikubwa cha nyumbani kwake, cha watoto na wajukuu na majirani. Ningeweza kusema hakuna, mashine imeharibika, lolote. Nilikifunga kwa mikono yangu, nikagonga muhuri, DAFROZA, Z imegeuka. Baada ya sikukuu lori likarudi na kifurushi kingine kutoka kwake. Ndani kulikuwa na gauni la kijani lenye kola nyeupe. Ujumbe ulisema: hili la binti mwenye jina, wajukuu wangu wamelijua jina lake kabla ya kumjua yeye.

Ulilivaa Jumapili ileile. Ulizunguka pale uani likapanda juu kama mwavuli, ukanikimbilia unionyeshe, na mimi nilishindwa kukuangalia. Ulilivaa tena, na tena, hukutaka kulivua. Siku ya tatu nikakufokea kwamba umelichafua, nikakuvua kwa nguvu, nikakupiga kofi, nikalificha. Ulilia siku mbili. Uliniuliza hadi ulipofika darasa la sita, "Mama, gauni langu la kijani liko wapi?" nami nikasema panya wamelila. Halikuliwa na panya. Halikuwa hata na doa.

Kisha wale wa Rwanda wakaambiwa warudi kwao. Unakumbuka barabara ilivyojaa mara ya pili, safari hii wakielekea upande ule mwingine. Konsolata alipita kuniaga, mtoto mgongoni, amevua viatu kwa ajili ya tope. Nilimpa soseji za njiani na kitenge. Alipokea. Akanishika mkono.

"Mama, mimi naenda, sijui huko nitakuta nini. Hii siri siwezi kuibeba. Mwambie yule mzee."

Akaondoka. Sikupata habari zake tena, na kila nikiona mama mrefu amebeba mtoto barabarani moyo wangu unasimama.

Jioni ile nikamwambia baba yako. Alikaa kwenye kizingiti. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Akasema, "Sasa mbuzi wapo, kambi imepungua. Acha ipite. Ukimwambia utamuua yule mzee." Baba yako ni mtu mwema, lakini siku ile aliogopa, nami simlaumu. Nilingoja aende Ntobeye, nikapanda lori linalosindikizwa na polisi, nikaenda Biharamulo peke yangu.

Nilimkuta buchani, amevaa aproni yake, wateja watatu mbele yake.

"Shikamoo, Mzee Rajabu."

"Marahaba, Mama Dafroza! Mbona peke yako? Wazima huko?"

Nikamwomba wateja waondoke. Nikamwambia yote nimesimama, sikutaka kiti. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliuliza maswali mawili tu.

"Na ile ya Idi?"

"Ile pia."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaosha kisu chake, akakifuta, akakiweka. Akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "Kama usingejua, mimi na wewe tusingekuwa na neno. Nenda nyumbani, Mama Dafroza."

Nilidhani atanyamaza kulinda heshima yake. Angeweza, hakuna ambaye angejua. Nilisikia baadaye kwamba alifunga bucha siku ile ile, akaenda msikitini, kisha nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu, "Niliwaambia kuleni, nami sikuangalia vizuri. Nisameheni." Aliomba msamaha kwa dhambi yangu. Watu wengine walihama bucha lake. Madereva waliacha kusimama hapa, na karatasi zenye jina lako ziliwekwa moto pale mtaani. Nakuambia na hilo, kwa sababu watakuambia.

Tangu hapo baba yako hakugonga tena muhuri. Ndiyo maana soseji zetu za nguruwe zinatoka hapa kwenye karatasi tupu hadi leo, wala si kwa sababu wino ni ghali kama alivyokudanganya. Na ndiyo maana nilijenga kibanda hiki, mbali na nyumba ile, na uzio katikati, na kisu chake, ndoo zake, mashine yake. Hakuna aliyekuwa ameagiza. Kila Jumamosi nilikuwa nasafisha kibanda kisicho na kazi, na nilikusikia siku moja ukiwaambia wenzako kwamba mama yako amechanganyikiwa kidogo. Nilicheka. Hukukosea sana.

Mwezi uliopita alipokuja yule mzee mwenye mkongojo ukamtilia chai, ukampa kiti, ulimpenda bila kujua kwamba ndiye Mzee Rajabu. Alikunywa kwenye kikombe chake kile kile, bado ninacho. Akaingia humu, akapitisha kidole mezani, akafungua kila ndoo. Mimi nikaanza maneno yangu, akainua mkono.

"Maneno nilishayasikia. Nimezeeka, Mama Dafroza, sitaki kufa na jambo hili. Niletee yule mwenye jina. Aoshe utumbo barazani kwangu, mchana, watu wanaona. Wakitaka kununua watanunua. Wasipotaka, tutakuwa tumewaonyesha."

Basi hiyo ndiyo kazi uliyopewa, binti yangu, si kama baba yako alivyokuambia kwamba Biharamulo kuna wateja wengi. Huenda usipate mteja hata mmoja kwa miezi. Utakaa barazani unaparua utumbo wa mbuzi, na watu watapita wanakutazama, na pengine kuna mama atakayetema mate chini. Usimjibu. Alimlisha mtoto wake kitu nilichokitengeneza mimi. Na siku ukikosa mbuzi, funga duka, ukalale. Nyama ikioza, ioze. Mimi niliokoa nyama.

Barua hii isome usiku huu, na kama hutaki kwenda, sema asubuhi. Nitamwambia baba yako mwenyewe, na basi litaondoka bila wewe, na hakuna atakayekulaumu ndani ya nyumba hii. Deni hili si lako, ila nililifunga kwa jina lako bila kukuuliza.

Chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka, nimeweka lile gauni la kijani. Halikutoshi tena, labda mkono mmoja. Ndani yake nimeufunga muhuri wa baba yako, ile soli ya kandambili. Usiugonge kwa sababu mimi nimekupa. Ugonge siku utakayoona mwenyewe kwamba jina ni lako.

Mzee Rajabu nilimwomba msamaha uso kwa uso. Baba yako nilimwomba. Konsolata namwomba kila Jumapili kanisani, hata kama hanisikii. Nimehesabu leo, nikaona nimebakiza mtu mmoja, aliyekuwa anazunguka uani kwa furaha, nikampiga kofi kwa sababu ya uchafu uliokuwa kwangu.

Nisamehe, Dafroza. Gauni lilikupendeza sana.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na shangazi yako. Ngoja nifunge daftari nikakupokee.

Mama yako